Bati, tembo na migomba: tusikubali kuambiwa tuchague kimoja



Leo sitazungumzia mbolea wala mnyauko wa migomba. Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo kila nikienda kwenye mkutano wa kijiji linaibuka, na kila likiibuka watu wanagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: serikali ituachie ardhi tuchimbe, tulime na tuchunge, kwa sababu wanyama hawasomeshi watoto. Kundi la pili, mara nyingi ni watumishi wenzangu, linasema: mpaka ni mpaka, anayeuvuka akamatwe. Nimekaa katikati ya makundi haya kwa muda mrefu. Maoni yangu ni kwamba yote mawili yanamwacha nje mtu mmoja, naye ni mkulima mwenye ekari mbili au tatu zinazopakana na pori.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja mzee aliniita shambani kwake. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Usiku tembo walipita. Sikuhitaji kupima sana, maana kilichobaki kimesimama kilikuwa kidogo kuliko kilicholala. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeniambia nipande kwa mistari na niweke mbolea. Sasa niambie, nilikuwa namlimia nani?" Sikuwa na jibu zuri. Makala hii ni jaribio langu la kumjibu.

Tuanze na eneo letu lilivyo

Mkoa wetu wa Kagera una utajiri wa aina mbili uliokaa mahali pamoja. Chini ya ardhi kuna madini. Kyerwa kuna bati, na watu wamelichimba tangu enzi za ukoloni. Ngara, kule Kabanga, kuna nikeli, ambayo sasa mataifa makubwa yanaitafuta kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Juu ya ardhi kuna wanyama na makazi yao. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Mwaka huo huo pori la Ibanda likawa Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika Orugundu likawa Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe.

Hapo katikati kuna Mto Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Unapita mpakani mwetu na Rwanda, kisha na Uganda, ukiwa na mabonde ya mafunjo pande zote. Katika mafunjo hayo wanaishi nzohe, viboko na ndege wengi. Maji hayo hayo yanazungusha mitambo ya umeme Rusumo, na kuna mtambo mwingine kati ya Murongo na Kikagati.

Kwa hiyo tuko mahali ambapo bati, umeme, ng'ombe, kahawa, tembo na nzohe wote wanadai haki yao kwenye ardhi ile ile. Ugomvi hauepukiki. Linalowezekana ni kuuweka kwenye utaratibu.

Pori halikuwa pori siku zote

Kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui na wahifadhi wengi hawalisemi. Ardhi tunayoiona leo kama pori la asili, sehemu yake iliwahi kuwa malisho na makazi ya watu. Wakati wa Omukama Rumanyika, ambaye Speke na Grant walimkuta akitawala Karagwe mwaka 1861, nchi hii ilijulikana kwa ng'ombe wake. Kisha miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ukateketeza ng'ombe katika Afrika Mashariki yote. Ng'ombe walipokwisha na watu wakapungua, nyasi zilizokuwa zinaliwa na kuchomwa zikageuka vichaka. Kwenye vichaka wakaja mbung'o, na mbung'o wakazuia ng'ombe na watu kurudi. Sehemu ya mapori yetu ilizaliwa hivyo.

Sisemi haya ili mtu achukue panga kesho akafyeke hifadhi. Nasema haya kwa sababu mbili. Kwanza, makazi ya wanyama na makazi ya watu hapa kwetu yamekuwa yakisogea huku na huko kwa zaidi ya miaka mia moja. Mpaka ni makubaliano ya watu, haukushuka kutoka mbinguni, na makubaliano yanaweza kuboreshwa. Pili, pori likiharibika haliharibiki peke yake. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa mamia ya maelfu. Pale Rusumo walivuka watu wapatao 250,000 ndani ya saa 24 hivi mwishoni mwa Aprili. Walikuwa watu waliokimbia kifo, na walihitaji kuni na kitoweo. Walipoondoka mwishoni mwa 1996, vilima vingi vilikuwa vitupu na wanyama wa Burigi walikuwa wamepungua mno. Wazee wanaokumbuka miaka hiyo wanajua ni nani aliyetembea mwendo mrefu kutafuta kuni baadaye. Ni mama zetu wa vijiji vile vile.

Ninavyoona suala la bati

Kijana anayechimba bati Kyerwa simlaumu. Kahawa inavunwa mara moja kwa mwaka na bei yake hupanda na kushuka. Bati linauzwa wiki hii na pesa inaonekana wiki hii. Isitoshe, ukilinganisha na dhahabu, bati lina unafuu mmoja mkubwa wa kimazingira. Mchimbaji mdogo wa dhahabu hutumia zebaki, ambayo ni sumu. Bati halihitaji zebaki. Mawe yake ni mazito, hivyo yanatenganishwa na mchanga kwa maji tu.

Tatizo basi ni tope, mashimo na miti. Mchanga unaooshwa kijitoni huteremka hadi bondeni, hufunika vyanzo vya maji, huua samaki wadogo na kujaza mafunjo. Mashimo yanayoachwa wazi hutumbukiza ndama na hata watoto, yakijaa maji huzalisha mbu. Na kila shimo linahitaji nguzo za kushikilia kuta, na nguzo hizo hukatwa pori la karibu kwa sababu ni la bure.

Mambo haya matatu yanazuilika kwa kazi ya mikono, bila teknolojia ya kigeni:

1. Usioshee bati kijitoni. Chimba mabwawa madogo matatu yanayofuatana. Maji yakitoka la kwanza yameacha mchanga, yakitoka la pili yameacha tope, na ya tatu unayarudisha kuoshea tena. Utatumia maji machache na jirani yako wa chini atakunywa maji safi.

2. Udongo wa juu, ule mweusi, uweke pembeni unapoanza kuchimba. Ukimaliza shimo, rudisha mawe na mchanga kwanza, udongo mweusi mwisho. Hapo utaweza kupanda miti au majani ya ng'ombe. Ukichanganya, pale hapataota kitu cha maana kwa miaka mingi.

3. Nguzo za shimo zitoke kwenye shamba la miti. Kikundi cha wachimbaji kinaweza kupanda mikaratusi kwenye mlima usiofaa kwa kilimo. Usiipande bondeni. Mkaratusi unakunywa maji mengi, na bonde likikauka hata migomba yako iliyo juu yake itajua.

Haya siyo hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo hutolewa kwa Watanzania tu na kwa eneo lisilozidi hekta 10, anatakiwa kuwa na mpango wa kutunza mazingira. Mwulize mchimbaji yeyote kijijini kwenu akuonyeshe mpango wake. Nimeuliza mara nyingi, na majibu ninayoyapata ni kicheko.

Hapa ndipo wahifadhi na mimi tunakubaliana: bonde la Kagera na vijito vyake visiguswe. Ukiharibu mafunjo umeharibu kichujio cha maji ya watu wote hadi Ziwa Victoria, na umemfukuza nzohe ambaye hana pengine pa kwenda. Hapo sina msamaha, awe mchimbaji wa bati au mkulima wa nyanya.

Na hapa lazima nikiri. Zamani kidogo nilikuwa miongoni mwa watumishi waliowashauri wakulima kufungua mabonde kwa ajili ya mboga za kiangazi. Tulichimba mifereji, tukakausha, tukasifiwa kwa mavuno ya misimu miwili. Msimu wa tatu kisima cha jirani kilikauka. Nilikosea, na nimejifunza. Ninapowaambia leo mwachie bonde mafunjo yake, sizungumzi kama mtu ambaye hajawahi kukosea.

Inawezekana kupunguza ili kila mmoja apate

Wapo wanaodhani kwamba maendeleo na makazi ya wanyama ni kama mizani: upande mmoja ukipanda mwingine lazima ushuke. Siyo lazima. Angalieni mradi wa umeme wa Rusumo, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Mpango wa awali ulikuwa na bwawa ambalo lingefunika ardhi kubwa ya kilimo na mabonde juu ya maporomoko. Baada ya tathmini, mpango ukabadilishwa ili mtambo utumie maji yanavyopita mtoni bila kuhifadhi mengi. Uwezo wake ukapungua kutoka karibu megawati 90 hadi 80. Tulipoteza megawati 10 hivi, tukaokoa mashamba na mafunjo mengi. Kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri. Na iliwezekana kwa sababu tathmini ilifanyika kabla ya kuchimba. Ikifanyika baada ya kuchimba, inabaki karatasi ya kabatini tu.

Au tazameni ng'ambo ya mto. Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda ilianzishwa mwaka 1934. Mwaka 1997, baada ya vita, sehemu kubwa ya eneo lake iligawiwa kwa watu waliorudi nyumbani na mifugo yao, kwa sababu hawakuwa na pa kukaa. Kipande kilichobaki kikawekewa usimamizi mkali. Mwaka 2013 uzio wa umeme wa kilomita 120 ulikamilika upande wa magharibi unaopakana na wakulima. Mwaka 2015 simba wakarudishwa, na 2017 faru weusi. Aidha, Rwanda ina utaratibu wa kurudisha asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii zinazozizunguka.

Siwaambii tuige kila kitu. Rwanda ni nchi ndogo, uzio ni ghali, na uzio huziba njia za wanyama. Upande wetu wa mto hauna uzio, na sidhani kwamba tunahitaji wa urefu huo. Lakini jambo moja wametufundisha: waliamua waziwazi ipi ni ya watu na ipi ni ya wanyama, kisha wakamlinda mkulima aliyeko mpakani. Kwetu tumefanya nusu ya kwanza. Mwaka 2019 Rais Magufuli alizuia kuondolewa kwa vijiji vilivyokuwa ndani au kando ya maeneo ya hifadhi hadi uchunguzi ufanyike, na kati ya vijiji 975 vilivyopitiwa nchini, vingi vikaruhusiwa kubaki. Huo ulikuwa uamuzi wa utu. Lakini kumwambia mtu "baki" halafu usimlinde na tembo ni kumwambia abaki na shida yake.

Kifuta jasho ambacho hakifuti

Sheria yetu haitambui fidia kwa mazao yaliyoliwa na wanyama. Inatambua kifuta jasho, na kwa aliyefiwa au kujeruhiwa, kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga viwango kwa kufuata umbali kutoka mpaka wa hifadhi. Kwa kanuni hizo shamba lililo ndani ya mita 500 halikupata kitu. Kuanzia hapo hadi kilomita 5 ilikuwa shilingi 25,000 kwa ekari, na kiwango kilipanda hadi 100,000 kwa walio mbali zaidi. Ekari zilizolipwa hazikuzidi 5.

Tufanye hesabu. Ekari moja ya mahindi ikitoa gunia 8 tu, na gunia likauzwa 50,000, mkulima amepoteza 400,000. Kwa viwango hivyo alipewa 25,000. Na yule aliye karibu zaidi, ambaye tembo humtembelea kila msimu, hakupata hata hiyo.

Najua sababu ya kanuni hiyo. Serikali haikutaka watu wasogeze mashamba hadi ukingoni mwa hifadhi kisha wadai malipo. Ni hoja yenye maana kwa mtu aliyehamia jana. Lakini kwa mzee ambaye kibanja chake kina migomba iliyopandwa na babu yake, kabla ya pori kuwa hifadhi ya taifa, hoja hiyo ni dhuluma. Yeye hakusogea. Ni hadhi ya pori iliyobadilika.

Viwango hivi vimelalamikiwa bungeni mara nyingi, kwa hiyo kabla ya kudai pata kiwango kinachotumika sasa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Lakini maoni yangu ni kwamba kuongeza shilingi tu hakutoshi. Nashauri mambo mawili yabadilike. La kwanza, kipimo kiwe ni nani alitangulia, siyo umbali peke yake. Kijiji kilichosajiliwa kabla ya hifadhi kilipwe hata ndani ya mita 500. La pili, malipo yafike kabla ya msimu unaofuata wa kupanda. Pesa inayokuja baada ya mwaka na nusu haisaidii kununua mbegu.

Pesa itoke wapi? Halmashauri hutoza ushuru wa huduma kwenye mauzo ya makampuni na wafanyabiashara, wakiwemo wa madini. Serikali Kuu huchukua mrabaha wa asilimia 6 kwenye madini ya metali kama bati. Sioni ubaya wowote madiwani wetu wakiamua kwamba sehemu ya ushuru wa madini iende kwenye vijiji vya mpakani: kulipa vijana wa doria ya usiku, kununua tochi, pilipili na mizinga. Anayenufaika na kilicho chini ya ardhi amsaidie anayeumia na kilicho juu yake. Hiyo ndiyo maana ya usawa ninayoielewa mimi.

Unachoweza kufanya msimu huu

Siasa itachukua muda. Tembo hangoji. Kwa mkulima wa mpakani, haya yafuatayo unaweza kuyaanza kabla ya mahindi kubeba.

1. Badilisha mazao ya ukingoni. Tembo wanapenda mahindi, ndizi na viazi vitamu. Hawana hamu na pilipili kali, tangawizi wala kahawa. Mstari wa mwisho kabla ya pori usiwe mahindi. Weka kahawa au pilipili ukingoni, mahindi yasogee karibu na nyumba.

2. Uzio wa nyuki. Huu umejaribiwa kwa miaka mingi Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya. Mizinga inaning'inizwa kila mita 10 kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ekari moja inahitaji vituo 24: mizinga 12 halisi na 12 ya bandia, mbao tu zilizopakwa rangi ile ile, kwa kupishana. Tembo wengi hugeuka, na asali unauza. Kasoro yake ni kwamba ukame ukija nyuki hupungua na uzio hudhoofika, kwa hiyo panda miti yenye maua karibu na uwape maji.

3. Fanyeni pamoja. Hapa wengi wanakosea. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254. Wakulima kumi wakizungushia kila mmoja ekari yake, ni mita 2,540, vituo zaidi ya 250. Mashamba hayo hayo yakiwa kitalu kimoja cha ekari 10, mzunguko ni mita 805, vituo kama 80. Gharama imeshuka kwa theluthi mbili kwa sababu tu mmekubaliana. Hesabu ni hiyo hiyo kwa kamba ya pilipili na kwa zamu za usiku.

4. Uzio wa pilipili. Saga pilipili kali kavu, changanya na mafuta machafu ya injini au grisi, paka kwenye kamba au vitambaa vilivyofungwa juu ya nguzo. Rudia kila baada ya mvua kubwa. Njia nyingine ni matofali ya kinyesi cha ng'ombe na pilipili, yakikauka unayachoma taratibu usiku upande unakotoka upepo. Vaeni glovu na zibeni pua.

5. Ukivamiwa, usivune mabaki kwanza. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Piga picha zinazoonyesha nyayo na mazao. Andika tarehe, saa, ukubwa wa eneo na idadi ya wanyama kama uliwaona. Mtathmini akikuta shamba limeshasafishwa, dai lako limekufa.

6. Usimkabili tembo usiku, na usiweke sumu wala mtego wa waya. Mtego hauchagui. Umewahi kunasa ng'ombe wa jirani, na unaweza kumnasa mtoto. Na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kuliko kumi wazima.

Kazi ya mkutano mkuu wa kijiji

Mwisho ni jambo ambalo liko mikononi mwetu kabisa. Kijiji kina haki ya kutengeneza mpango wa matumizi bora ya ardhi. Ukipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ramani inaonyesha hapa ni makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa uchimbaji ukipatikana, hapa njia ya wanyama, hapa bonde halilimwi. Kijiji kisicho na mpango kinapangiwa na mwenye leseni au na mwenye mifugo mingi. Nimeona mchimbaji akija na karatasi kutoka mbali, na viongozi wa kijiji wakiwa hawana hata mchoro wa kumwonyesha.

Kisheria mkutano mkuu unapaswa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ujao, nyoosha mkono uulize maswali manne. Je, kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Mita 60 za mto zimepimwa na kuwekwa alama? Mashimo ya zamani yatafukiwa na nani, na lini? Ushuru wa madini na wa mazao unaorudi kijijini ni kiasi gani? Yaandikwe kwenye muhtasari, siyo kusemwa tu.

Kijana wa bati atauliza, "Tukifunga mgodi, tutakula tembo?" Jibu langu: usifunge mgodi. Osha bati lako mbali na mto, fukia shimo lako, panda nguzo zako mwenyewe. Mhifadhi atauliza, "Mkiruhusu shimo moja, si yatakuja mia?" Jibu langu: yatakuja mia kama kijiji hakina ramani. Chenye ramani kinaweza kusema hapa ndiyo, pale hapana, na kikasikilizwa.

Na yule mama? Nilirudi kwake wiki mbili baadaye. Tulikaa na majirani zake saba chini ya mti tukachora kitalu kimoja. Ukingo wa pori watapanda pilipili na kahawa. Mizinga wataanza na upande mmoja tu, ule ambao tembo hupitia. Mahindi yake ya msimu ule hayakurudi, na kifuta jasho alikuwa bado hajapata. Lakini aliniuliza swali jingine: "Na mpaka wenyewe, nani atakuja kutuonyesha unapopita?"

Hilo nalo sitalijibu peke yangu. Nitaliuliza nikiwa nimesimama naye kwenye mkutano, na nawaomba ninyi mliosoma hadi hapa mfanye hivyo kwenu. Mnaopakana na pori, andikeni tarehe za kila uvamizi kuanzia msimu huu. Daftari la msimu mmoja litaongea bungeni kuliko kelele za miaka kumi.

Kazi njema shambani.